Ordesa: anza na mlima, rudi na bonde
Ukifika bonde la Ordesa, kwenye milima ya Pirenei kaskazini mwa Hispania, usifuate umati unaonyoosha njia ya bondeni. Kutoka Pradera, uwanda wa nyasi ambako basi linakushusha, vuka mto Arazas, upande njia kali ya Senda de los Cazadores asubuhi na mapema, ushike Faja de Pelay, njia ya ubavuni mwa mlima, hadi maporomoko ya Cola de Caballo, ndipo urudi kwa njia ya bondeni. Ubavu ule wa mlima unatazama kaskazini, kwa hiyo zile mita 600 hivi za kupanda unazimaliza kivulini, miguu ikiwa bado na nguvu. Baada ya Calcilarruego, mahali pa kutazamia mandhari juu ya mpando huo, njia inalala, na bonde lote liko chini yako. Ukigeuza mzunguko, mteremko mkali unaukuta mwishoni, magoti yameshachoka (yangu yalininunia siku mbili). Usijaribu kukiwa na theluji au barafu, ambayo hukawia huko hata baada ya baridi kuisha, wala radi zikitabiriwa: juu karibu hakuna pa kujificha. Mzunguko hula kama saa saba, na kiangazi magari binafsi hayaruhusiwi kuingia, kwa hiyo uliza kwanza basi la mwisho la kurudi kijiji cha Torla linaondoka saa ngapi.