Namna ya kuzirudishia nyota rangi zake katika picha za mkanda mwembamba

Anayepiga picha ya Nebula ya Tai (M16), wingu la gesi na vumbi angani, kwa vichujio vya mkanda mwembamba, vinavyopitisha sehemu finyu tu ya mwanga, kisha akazipanga chaneli za rangi kwa mtindo wa darubini ya angani ya Hubble, yaani salfa kwenye nyekundu, haidrojeni kwenye kijani na oksijeni kwenye buluu, hupata mawingu ya dhahabu na samawati yanayopendeza, lakini nyota zake hutoka na rangi ya zambarau zilizoiva. Hata ile picha mashuhuri ya nguzo za nebula hiyo, iliyopigwa na Hubble mwaka 1995, ina nyota za namna hiyo.

Chanzo chake si uzembe wa mpigaji. Kichujio cha haidrojeni hupitisha mwanga wa nanomita 656.3, cha oksijeni 500.7, na cha salfa mistari miwili ya 671.6 na 673.1. Gesi ya nebula hung'aa hasa katika mistari michache ya aina hiyo, ilhali nyota hutoa mwanga wa mawimbi yote, kwa hiyo huonekana katika chaneli zote tatu. Kwa kuwa haidrojeni ndiyo yenye nguvu zaidi, tunalazimika kukuza mwangaza wa salfa na oksijeni ili wingu lisibaki kijani kitupu; nyota nazo hukuzwa papo hapo, nyekundu na buluu zikaizidi kijani, na zambarau ikazaliwa. Tena, salfa na haidrojeni zote mbili zimo upande wa nyekundu, hivyo chaneli mbili kati ya tatu husema jambo lilelile kuhusu nyota. Rangi kamili haimo katika data hiyo, na programu haiwezi kutoa kisichokuwemo.

Ndiyo maana mimi hupiga nyota peke yake kwa vichujio vya kawaida vya nyekundu, kijani na buluu. Kazi hiyo ni fupi kuliko wengi wanavyodhani: kichujio cha buluu chenye upana wa nanomita 100 hivi hupitisha mwanga wa nyota takriban mara 33 zaidi ya kile cha mkanda mwembamba cha nanomita 3, kwa hiyo picha 20 za sekunde 30 kwa kila kichujio, yaani nusu saa kwa jumla, zinatosha. Usirefushe muda, kwani kiini cha nyota kikishafika 65,535, kikomo cha faili la biti 16, huwa cheupe na rangi yake imepotea moja kwa moja. Rekebisha fokasi kila unapobadilisha kichujio. Aliyeko Dar es Salaam ana bahati, maana katikati ya Julai M16 hupita karibu na utosi yapata saa tano usiku. Buluu ipigwe saa hiyo, kabla nebula haijashuka kwenye hewa nzito inayoifanya kila nyota iwe nyekundu.

Ukishaunganisha picha hizo na kuzipanga ili nyota zake zilaliane na zile za mkanda mwembamba, sawazisha rangi kabla ya kukuza mwangaza. PixInsight, programu ya kuchakata picha za anga, ina zana ya kusawazisha inayotumia spektra za nyota (mgawanyo wa mwanga wake kwa mawimbi) zilizopimwa na chombo cha angani cha Ulaya cha Gaia. Ujaze sifa za vichujio na kamera yako kwa usahihi, la sivyo hesabu yote itapinda. Kisha tenga nyota kwa StarXTerminator au StarNet, programu za kutenganisha nyota na wingu, na uzikuze mwangaza kwa mkunjo wa hesabu uitwao arcsinh, ambao hulinda uwiano wa chaneli tatu. Mkunjo wa kawaida ukitumiwa kwa pupa huzifanya nyota zote ziwe nyeupe.

Picha ya mkanda mwembamba nayo iondolewe nyota, ikuzwe mwangaza upendavyo, ndipo nyota zirudishwe. Usijumlishe tu: kwa kipimo cha mwangaza cha 0 hadi 1, mahali ambapo wingu lina 0.5 na nyota ina 0.6, jumla ni 1.1, na pikseli imeungua. Tumia kanuni ya 1 − (1 − wingu) × (1 − nyota), ambayo hapo hutoa 0.8 na kuiacha rangi ikiwa hai. Katika PixelMath, zana ya hesabu ya PixInsight, huandikwa ~(~wingu*~nyota), ambapo ~ ina maana ya 1 kutoa thamani inayofuata.

Ambaye hana vichujio vya kawaida asikate tamaa. Wengi huigeuza picha ya nyota kuwa negativu, wakapunguza kijani, kisha wakaigeuza tena. Zambarau huondoka, lakini zinazobaki ni nyota zilizopauka. Naona ni afadhali kuiacha salfa, uweke haidrojeni kwenye nyekundu, oksijeni kwenye buluu, na wastani wa hizo mbili kwenye kijani, kwa sababu nyota yenye joto kali hung'aa zaidi kwenye nanomita 500 na iliyopoa zaidi kwenye 656, hivyo tofauti ya buluu na manjano hubaki kwa kiasi fulani.

Mwisho, kuza picha hadi asilimia 400 na uliangalie fungu la nyota la NGC 6611, lililo ndani ya nebula hiyo. Nyota zake changa ziwe nyeupe zenye kuelekea buluu, na nyingi za nyuma ziwe za manjano au chungwa, kwa kuwa vumbi la njiani hupunguza buluu. Usiziondolee rangi hiyo ukidhani ni kasoro. Ukiona pete ya zambarau kuzunguka nyota, ujue mabaki ya nyota za mkanda mwembamba hayakuondoka vizuri, na hapo rudia hatua ya kuziondoa.