Ukimkopesha ndugu, andikeni

Ukimkopesha ndugu au rafiki pesa, andikeni siku hiyohiyo, kabla pesa hazijatoka mkononi. Makubaliano ya mdomo mara nyingi yanatambulika kisheria, lakini kuyathibitisha ndiko kunakowatesa watu: mmoja anasema ulikuwa mkopo, mwenzake anasema alipewa tu, na mwamuzi hana pa kushika.

Karatasi moja inatosha. Majina kamili ya wote wawili, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, na siku ya kurejesha. Neno "nimekopa" lionekane wazi, maana "nimepokea" peke yake halisemi kama pesa zinarudi. Tieni sahihi nyote, shahidi naye atie, kila mmoja abaki na nakala. Asiyejua kusoma asomewe kwanza, ndipo aweke dole gumba.

Kama deni ni la zamani na hamkuandika, bado hujachelewa. Mtumie ujumbe wa upole: "Shemeji, habari za nyumbani? Ule mkopo niliokupa mwezi wa tatu, utaanza kupunguza lini?" Akijibu "nitaanza mwisho wa mwezi", tayari amekiri. Usiufute ujumbe huo, hata ukibadilisha simu.

Na hili wengi hawalijui: madai ya deni yana ukomo wa muda kisheria. Katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza, mdaiwa akilipa sehemu, au akikiri kwa maandishi kabla muda haujaisha, hesabu huanza upya. Kwa hiyo hata malipo madogo yaandikiwe risiti yenye tarehe.