Kabla uchungu haujaanza: tafuta mtu kwanza, mkoba baadaye

Mkunga aliniambia "Sindika!" nami nikabaki nimeganda. Nimezaliwa Busia, nikaolewa Masaka, hapa Uganda. Kiganda changu wakati huo kilikuwa cha sokoni tu. Alidhani ni kiburi, akanikaripia. Aliyeniokoa ni mama wa kitanda cha pili: "Anasema sukuma, dada!" Tangu siku hiyo, mjamzito akiniuliza ajiandae vipi, sianzi na mkoba.

Chagua mapema atakayekaa nawe: dada, shangazi, au mume kama kituo kinaruhusu. Awe anaijua lugha ya wodi. Akukande kiuno, akunyweshe chai, na awe na ujasiri wa kuuliza kwa adabu: "Musawo (yaani mhudumu wa afya), hiyo sindano ni ya nini?" Wewe mwenyewe huwezi kuuliza ukiwa katikati ya uchungu, na una haki ya kuelezwa kabla ya kuguswa. Ile ya pajani, mtoto anapotoka tu, hukaza mfuko wa uzazi ili damu isivuje. Mimi nilidungwa bila neno, nikakesha nikidhani kuna kitu kimeharibika ndani.

Nenda naye kliniki walau mara moja. Mwambieni mkunga mapema kama ungependa kusukuma ukiwa umechuchumaa au umelala ubavu, na nani aingie nawe. Mchana foleni ikipungua, wengi husikiliza. Usiku mkunga mmoja anaweza kuwa na wazazi sita peke yake. Najua wanavyochoka, lakini uchovu haumpi mtu ruhusa ya kumtukana mama anayejifungua.

Mkoba ufunge mwezi wa nane wa ujauzito. Ada zilifutwa kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ilisema serikali imekiuka haki za wanawake kwa kutotoa huduma za msingi za uzazi. Hata hivyo glavu bado huisha usiku. Basi nunua maama kit, yaani kifurushi cha vifaa vya kujifungulia, yenye karatasi ya nailoni, glavu, nyembe, pamba na uzi wa kitovu. Ongeza leso, nguo za mtoto, pedi, beseni, kadi ya kliniki na tochi.

Uliza pia kituo chako ni cha daraja gani. Daraja la tatu huzalisha, lakini chumba cha upasuaji kimepangwa kuanzia daraja la nne. Kama umewahi kupasuliwa, una presha au umebeba pacha, panga kwenda huko tangu mwanzo. Weka akiba ya nauli, na namba za bodaboda wawili, maana mmoja huenda asipokee saa nane za usiku.

Mama mkwe akikuletea emmumbwa (udongo uliokandwa na mitishamba) au mitishamba ya kuharakisha uchungu, mshukuru, kisha mwonyeshe mkunga kabla ya kunywa. Baadhi ya dawa hizo hubana mfuko wa uzazi kwa nguvu hadi ukapasuka.

Na kuna siku ya kuondoka nyumbani bila kungoja uchungu: ukitoka damu, chupa ikipasuka, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, au mtoto akipunguza kucheza. Usingoje mume arudi kutoka kazini. Mpigie ukiwa tayari juu ya boda.