Somo: Kilomita 1,000 za Kwanza za Injini Mpya

Ndugu wanachama, somo hili linamhusu aliyenunua gari jipya, na vilevile yule ambaye injini ya gari lake imetoka kufanyiwa ovahoo, kwa kuwa wengi wetu hapa Dodoma tunanunua magari yaliyokwisha kutumika Japani na tunakutana na injini mpya siku ile fundi anapobadilisha pistoni na ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni.

Tuanze na kinachotokea ndani. Ukuta wa silinda mpya hutoka kiwandani ukiwa na mikwaruzo myembamba ya makusudi, inayopishana kimshazari, ambayo kazi yake ni kushika oili na kuusugua uso wa ringi kidogo kidogo mpaka ringi na ukuta vizoeane. Mafuta yanapoungua juu ya pistoni, gesi hupenya nyuma ya ringi na kuikandamiza ukutani, na ni mkandamizo huo unaoikalisha ringi mahali pake. Ndiyo maana simuungi mkono anayesema kwamba injini mpya inatakiwa kubembelezwa tu. Injini inayotembezwa kinyonge siku zote, au inayoachwa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, saa nzima gari likiwa limesimama, haipati mkandamizo wa kutosha. Oili inaweza kuungua ukutani na kuacha utando unaong'aa, mikwaruzo ikafunikwa kabla haijamaliza kazi yake. Ukikanyaga mafuta mpaka chini nako, joto hupanda ghafla pale vyuma vinaposuguana. Tunachotafuta ni mzigo wa wastani unaopanda na kushuka.

Dereva huyahisi mabadiliko hayo. Mwanzoni injini huwa nzito kidogo, hula mafuta zaidi na huweza kupunguza oili. Kadiri ringi zinavyokaa, kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, huimarika, msuguano hupungua, na nguvu iliyokuwa ikipotea ndani hufika kwenye magurudumu. Sehemu kubwa ya mabadiliko hutokea mapema, kisha yanayobaki huendelea polepole kwa maelfu ya kilomita. Ni mabadiliko ya kiasi, kwa hiyo gari halitageuka kuwa gari lingine.

Hatua ya 1. Soma kitabu cha gari kabla ya kuondoka. Vitabu vingi vya Toyota, kwa mfano, hutaka dereva aepuke breki za ghafla katika kilomita 300 za kwanza, asivute tela katika kilomita 800 za kwanza, na katika kilomita 1,000 za kwanza asiende mwendo mkali sana, asiondoke kwa kishindo, asikae muda mrefu kwenye gia ndogo wala asishikilie mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kitabu cha gari lako kikisema tofauti, fuata hicho.

Hatua ya 2. Washa, subiri nusu dakika hivi oili isambae, kisha ondoka taratibu. Asubuhi za Julai, baridi ya Dodoma inapouma, usipandishe resi mpaka mshale wa joto ufike mahali pake pa kawaida.

Hatua ya 3. Chagua njia yenye mwendo unaobadilika. Barabara ya Morogoro inatufaa sana, kwa kuwa Buigiri, Chamwino na Mbande vinakulazimisha kushuka hadi 50, na ukitoka kijijini unakanyaga mafuta kwa mfululizo laini mpaka 80, unaachia, gari linajishika kwa gia, kisha unakanyaga tena. Mimi huiweka injini ya petroli chini ya mizunguko 3,500 kwa dakika katika siku hizo. Usiilazimishe kupanda kilima kwa gia kubwa huku inatetemeka.

Hatua ya 4. Pima oili kila asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa mahali tambarare. Futa kijiti kwa kitambaa safi, kizamishe, kichomoe, tazama alama. Kisha paka tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada, ulipeleke juani. Ukiona chembe ndogo zinazometameta kama vumbi la fedha, hasa baada ya ovahoo, usishtuke, maana ni vyuma vinavyosuguana. Chembe unazozihisi kwa ncha ya kidole ndizo za kumpelekea fundi siku hiyohiyo.

Hatua ya 5. Oili ya kwanza ya gari jipya imwagwe kwa ratiba ya kitabu. Honda, kwa mfano, hushauri ile ya kiwandani isimwagwe mapema. Injini ya ovahoo ni jambo jingine: mwaga oili na ubadilishe filta mapema, kwa umbali atakaokupa fundi aliyeifunga.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Kongwa: Shikamoo mwalimu. Gari langu jipya lilivuta vizuri Dar es Salaam, lakini huku limekuwa zito. Je, injini haijazoea?

Jibu: Marahaba. Hiyo ni hewa, ambayo huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Kwa hiyo karibu sehemu moja ya kumi imebaki pwani, na kilomita hazitairudisha.

Mwanachama wa Chang'ombe: Baada ya ovahoo, gereji moja iliniambia niache injini ikiunguruma kutwa nzima. Nilitii, na sasa inakula oili.

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Ushauri huo umeharibu injini nyingi. Iendeshe barabarani kwa mzigo wa wastani kilomita mia chache, ukipima oili. Ikiendelea kupungua, mwombe fundi apime kompresheni kabla ya kufungua chochote.

Mwanachama wa Makulu: Gari lina kilomita 300 na Ijumaa naenda Iringa na familia. Niahirishe?

Jibu: Nenda, ila punguza mizigo. Ukifika Mtera pumzika, acha injini ipoe, pima oili. Kwenye mlima wa Nyang'oro shusha gia mapema, na malori yaache yakupite.