Kabla Hujatia Sahihi, Fungua Daftari

Kwa karibu mwaka mzima nilitia sahihi kwenye daftari la mwanangu wa pili bila kulisoma. Na mimi ni mwalimu, aibu yenyewe ndiyo hiyo. Mchana kutwa nasahihisha kazi za watoto wa wenzangu. Jioni macho yamechoka, hamu ya kutazama mwandiko mwingine wa mtoto sina. Analeta daftari limeshakunjwa pale pale penye mstari wa mzazi, natia sahihi, kila mtu anaendelea na shughuli zake. Alama zake zilikuwa zinashuka, na dawa yangu ilikuwa moja tu: kumfokea.

Jumamosi moja nilikuwa natoa vitu kwenye begi lake ili nilifue, nikalikuta daftari la hisabati, nikaketi nalo. Kazi alizonakili kutoka kitabuni zilikuwa safi. Alizonakili ubaoni zilikuwa vurugu: 3 imekuwa 8, 6 imekuwa 0, sentensi zimekatika katikati. Nilimsimamisha mlangoni nikamwambia anisomee tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Akasogea hatua moja mbele, ya pili, ya tatu. Mtoto hakuwa mzembe. Ubao ulikuwa hauonekani. Tulipompatia miwani, zile 8 za ajabu zilikoma ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo ninapomwambia mzazi ashiriki masomo ya mwanawe, simwambii awe mwalimu wa pili. Namwambia atazame. Kazi hiyo haihitaji cheti, na mwalimu mwenye darasa zima mbele yake hawezi kuifanya peke yake.

Kulisoma daftari

Tenga dakika 20 kwa wiki, siku ambayo hamna haraka, mtoto akiwa pembeni yako. Anza na tarehe. Ukikuta siku 4 hazina kazi yoyote, uliza kwa upole: uliumwa? mwalimu hakuwepo? uliandika kwenye karatasi? Usianze na "kwa nini huandiki", maana hujajua bado. Kisha tazama kama kazi zimesahihishwa, na kama mtoto amefanya masahihisho au amelipita kosa kama lilivyo. Halafu ndipo uingie kwenye makosa yenyewe.

Hapa nataka tukae kidogo. Wazazi wengi wakiona makosa wanayahesabu: umepata 4 kati ya 10. Mimi nataka uyalinganishe. Hebu tazama mtoto aliyeandika hivi:

68 − 25 = 43
52 − 27 = 35
81 − 46 = 45
73 − 38 = 45

Hesabu ya kwanza ni sahihi, tatu zilizobaki amekosa. Ukimwambia "hukuwa makini" umemwonea, kwa sababu amekuwa makini mno. Kwenye 52 kutoa 27 ameona 2 haiwezi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7 akapata 5. Amefanya hivyohivyo hesabu zote tatu. Huyu hana makosa matatu, ana kosa moja: hajaelewa kukopa kwenye makumi. Umpe hesabu 50 za mazoezi, atakosa 50. Mwonyeshe jambo hilo moja kwa vijiti vilivyofungwa kumikumi, afungue fungu moja kwa mkono wake, atatoka hapo.

"Lakini mimi mwenyewe hesabu zilinishinda." Haidhuru. Elekeza kidole kwenye jibu na useme, "Nieleze ulivyolipata hili." Kisha nyamaza. Mara nyingi mtoto hukwama katikati ya maelezo yake mwenyewe, akasema "aa," akafuta. Asipokwama, angalau sasa una jambo la kumpelekea mwalimu: si "mtoto wangu hajui hesabu" bali "anageuza namba anapotoa." Sentensi ya namna hiyo humwokolea mwalimu kazi ya wiki mbili.

Msifanye kazi ya mtoto

Najua inavyokuwa. Saa 3 usiku, mtoto analia, kesho kazi inatakiwa, mzazi anachukua penseli. Sisi walimu tunaujua mwandiko wa mzazi hata akijitahidi kuharibu herufi. Kazi iliyoletwa na makosa yake inanionyesha nifundishe nini kesho. Iliyokamilishwa na mama inanidanganya. Afadhali uandike chini yake: amejaribu hadi swali la 5, la 6 limemshinda.

Jambo jingine linahusu wale wanaoogopa hisabati. Mwaka 2015 watafiti Erin Maloney, Sian Beilock na wenzao walichapisha utafiti uliofuata watoto wa madarasa mawili ya mwanzo nchini Marekani. Waliona kwamba wazazi wenye hofu kubwa ya hisabati waliosaidia mara kwa mara kazi za nyumbani, watoto wao walijifunza hesabu kidogo zaidi mwaka huo na waliumaliza wakiwa na hofu zaidi. Wazazi wenye hofu hiyohiyo ambao hawakusaidia mara nyingi, watoto wao hawakuathirika hivyo. Mimi sisomi hapo kwamba mzazi ajitoe. Nasoma kwamba hofu huambukiza, hasa ikiambatana na "hata mimi nilikuwa mbumbumbu wa hesabu, tumerithishana." Maneno hayo yaishie kwako. Tafuta mlango mwingine wa kusaidia: meza, mwanga, ukimya, simu na televisheni vizimwe, na usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku. Nimeshaona watoto waliodhaniwa wazito wa kuelewa, kumbe wanasinzia tu.

"Shule ilikuwaje?" "Nzuri."

Ukiuliza hivyo umejifungia mlango mwenyewe. Mimi nauliza: "Nifundishe kitu kimoja mlichofundishwa leo, mimi ni mwanafunzi." Siku nyingine: "Nani leo aliuliza swali zuri?" Au: "Mwalimu alirudia nini mara mbili?" Mtoto akikumbuka bila kutazama daftari, anajifunza upya bila kujua. Watafiti wa kumbukumbu, Roediger na Karpicke, walilijaribu jambo hili kwa wanafunzi wa chuo mwaka 2006: waliojaribu kukumbuka walichosoma walikuja kukumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena. Mwanangu haijui habari hiyo. Yeye anafurahi tu kunikosoa nikijifanya sijaelewa.

Maswali ya namna hii hayachagui mzazi msomi. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye baba yake hakujua kusoma. Kila jioni alimketisha binti yake amsomee ukurasa mmoja kwa sauti, kisha akauliza, "Kwa nini huyo alifanya hivyo?" Aliniambia, "Mwalimu, akiruka neno mimi najua, sauti yake inakimbia." Yule binti alikuwa msomaji bora wa darasa langu mwaka ule. Na ukiwa unaishi mbali kikazi, ukurasa huohuo unasomeka kwa ujumbe wa sauti. Usikilize hadi mwisho na ujibu jambo lililomo, siyo "vizuri mwanangu" peke yake. Watoto hawadanganyiki.

Mwalimu mtafute kabla ya tatizo

Sisi walimu nasi tuna lawama hapa. Wengi wetu humwita mzazi kitu kinapoharibika, ndiyo maana mzazi akiona namba ya shule kwenye simu moyo unamlipuka. Basi tangulia wewe. Wiki za mwanzo za muhula nenda ujitambulishe, kwa miadi, nje ya muda wa kipindi, dakika 10 zinatosha. Uliza mambo matatu: mwanangu anakaa wapi darasani na nani? akikwama huwa anafanya nini? nyumbani nifanye jambo gani moja? Sisitiza hilo "moja", la sivyo utapewa orodha ya mambo 9 na hutafanya hata moja.

Na wewe mpe mwalimu anachokosa. Kama nyumbani kuna msiba, mgonjwa, wazazi wametengana, mwambie kwa kifupi. Nimeshamwadhibu mtoto kwa kutofanya kazi, kesho yake nikajua usiku ule walikuwa hospitali na mdogo wake. Hilo silisahau.

Mkitofautiana na mwalimu, malizaneni mtoto akiwa hayupo. Mtoto akisikia "huyo mwalimu wako hajui kitu," kesho hatakuwa na sababu ya kumsikiliza.

Kuhusu nani aende: Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 18, unasema wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja katika malezi. Nilimsomea mume wangu. Alicheka, lakini kikao kilichofuata alikwenda yeye, akarudi na habari ambazo mimi kwa miaka miwili sikuwahi kuzipata, kwa kuwa aliuliza asichokijua badala ya kujifanya anajua.

Ripoti ikiwa mbaya

Siku ya kwanza usiseme kitu kirefu. Isome, iweke. Siku ya pili itoe pamoja na ripoti ya muhula uliopita uziweke sambamba. Usitazame nafasi aliyoshika darasani. Ya 5 katika watoto 12 si sawa na ya 5 katika watoto 60, na mtoto anaweza kupanda kwa sababu wenzake wameshuka. Tazama alama zake dhidi ya alama zake. Angalia na mahudhurio, kipengele ambacho wazazi hukiruka, kumbe ndicho kinachoeleza mengine yote. Kisha muulize somo gani anataka tulianze. Mtoto wa jirani asitajwe.

Wazazi wenzako hawaji kikaoni?

Wengi hawaji kwa sababu wakiitwa ni kwa michango au lawama. Mimi darasani kwangu nilibadili: nawatandazia wazazi kazi za watoto wao mezani, kila mmoja akae na daftari la mwanawe kwa robo saa, maswali baadaye, na saa niliyotangaza ya kumaliza naiheshimu. Mahudhurio hayakulipuka. Yaliongezeka kidogo kila muhula, hasa kwa wale walioambiwa na mzazi mwenzao, siyo na barua yangu. Wewe mvute mmoja, mzazi wa yule anayekaa dawati moja na mwanao.

Wakishakua

Haya ya kufungua daftari yana mwisho wake. Binti yangu mkubwa yuko sekondari, na nilipojaribu kupekua begi lake tulinuniana siku 3. Tukakubaliana upya: ratiba ya mitihani anaibandika mlangoni mwenyewe, somo linalomlemea ananitajia kabla muhula haujafika nusu, na kuhusu marafiki naruhusiwa kuuliza swali moja kwa siku. Usiku wa kuamkia mtihani nauliza jambo moja tu, nimwamshe saa ngapi.