Namna ya Kumpata Mhasibu wa Kodi Zinazovuka Mipaka

Kabla ya kumtafuta mhasibu, orodhesha kwenye karatasi nchi zote ulikopata kipato mwaka huo, aina ya kila kipato, na idadi ya siku ulizokaa katika kila nchi, kwa kuwa nchi nyingi hutumia kipimo cha siku 183 kama mojawapo ya vigezo vya kuamua iwapo wewe ni mkaazi wake kwa madhumuni ya kodi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuonyesha unahitaji mjuzi wa sheria za nchi zipi.

Ukishapendekezewa mtu, hakiki jina lake katika rejesta ya bodi ya wahasibu iliyomsajili. Cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi. Kisha mpime kwa maswali. Mwombe aeleze kama nchi hizo zina mkataba wa kuepusha utozaji kodi mara mbili, na kama kodi uliyolipa ugenini itapunguzwa kwenye deni la kodi la nyumbani au kipato chenyewe kitasamehewa, maana njia hizo mbili huweza kuzaa hesabu tofauti kabisa. Ikiwa una uraia wa Marekani, ambayo hutoza kodi kipato cha raia wake popote wanapoishi, uzoefu wa jambo hilo ni sharti. Binafsi humwamini zaidi anayekiri kwamba sheria za upande wa pili hazimudu na kwamba atashirikiana na mwenzake wa huko, kuliko anayedai kuzijua zote.

Ada, mipaka ya kazi na tarehe za kuwasilisha ritani (taarifa ya kipato na kodi) ziandikwe kwenye mkataba kabla hujamkabidhi nyaraka zozote.