Shawa ya umeme: joto libaki kwenye elementi, lisihamie kwenye waya

Juni ikishaingia, maji ya bomba yanauma mikono, Ngaramtoni na Sakina kwa upande wa Arusha, Marangu na Machame kwa upande wa Moshi. Watu wanafunga shawa za umeme. Baada ya wiki chache mafundi wanaanza kuitwa: swichi imeyeyuka, bafuni kunanuka plastiki, breka inakata mtu akiwa na povu kichwani. Mara nyingi shawa yenyewe ni nzima. Kinachosumbua ni joto linalozaliwa mahali ambapo halitakiwi.

Umeme ukipita kwenye kitu chenye ukinzani, yaani kinachoubana usipite kwa urahisi, huacha joto, na kiasi chake ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linapanda mara nne. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta takriban ampea 24, na elementi yake, ile koili inayopasha maji, ina ukinzani wa omu 9.6 hivi. Ampea hizohizo 24 zinapita kwenye breka, kwenye swichi na chini ya kila skrubu. Skrubu moja iliyolegea, yenye omu 0.1 tu, itazalisha 24 × 24 × 0.1, yaani karibu wati 58. Ni sawa na kuwasha chuma cha kulehemu cha wati 60 na kukifungia ndani ya boksi la plastiki ukutani.

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya kwamba breka itawalinda. Breka inapima mkondo, haipimi joto la kiungo kilicho mbali nayo, yaani pale skrubu inapobana waya. Kiungo kikilegea mkondo hauongezeki, unapungua kidogo kwa sababu ukinzani umeongezeka. Boksi linaweza kuungua hadi likawa jeusi na breka ikabaki juu. Ulinzi pekee wa kiungo ni kufungwa vizuri.

Anza na waya. Shawa hii ipewe laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi ya breka, isichangiwe na soketi wala taa. Tumia waya wa shaba wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32, na swichi ya poli mbili (inayokata nyaya zote mbili kwa pamoja) ya ampea 45 iliyowekwa nje ya bafu. Usiichomeke kwenye soketi kabisa: plagi ya ampea 13 mwisho wake ni wati 2,990. Watu hupenda kutumia waya wa 2.5 kwa sababu ni rahisi na mara nyingi umeshapita ukutani. Kwa umbali wa mita 12, kwenda na kurudi, waya huo una ukinzani wa omu 0.18 hivi na utapoteza karibu wati 100 njiani; wa 6 utapoteza wati 42. Waya wa 2.5 ukiwa ndani ya paipu ukutani, ampea 24 ndizo mwisho wake au zimeshapita mwisho, kutegemea ulivyopitishwa. Plastiki yake ya kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzijoto 70. Ikizidi hapo kila siku inakauka na kupasuka.

Dukani usiamini maandishi ya nje peke yake. Waya wa 6 una nyuzi saba za shaba, kila moja ina unene wa milimita 1.04, wa 4 una nyuzi saba za 0.85. Pima kwa vernia, kile kipimo cha unene. Kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu. Rudisha.

Sasa viungo, na hapa usiwe na haraka. Zima men switch, yaani swichi kuu ya nyumba, hakikisha kwa tesita kwamba hakuna umeme, halafu menya waya milimita 10 hadi 12 bila kukata hata uzi mmoja. Uzi mmoja ukikatika kati ya saba, umepunguza njia ya umeme kwa asilimia 14 mahali hasa ambapo skrubu inabana. Sokota nyuzi, ingiza zote, kaza kwa bisibisi inayoenea vizuri kwenye skrubu, kisha vuta waya kwa nguvu. Ukitoka, haukuwa umefungwa. Angalia pia kama skrubu imebana shaba au imeuma plastiki ya waya. Kosa hili halionekani kwa nje kabisa. Usipake risasi ya kulehemu kwenye ncha kabla ya kuibana: risasi ni laini, inajikunja taratibu chini ya skrubu, na baada ya miezi michache kiungo kimelegea chenyewe. Shawa nyingi zinakuja na vipande vifupi vya waya. Viunganishe kwa konekta ya kauri ya ampea 40 au zaidi. Kusokota na kuzungushia tepu hakufai, kwa sababu gundi ya tepu huyeyuka na kiungo kinabaki uchi kwenye unyevu.

Ethi, waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ni lazima. Katika shawa nyingi za bei nafuu koili haina ganda, inagusana na maji unayooga. Bila ethi njia ya umeme unaovuja inakuwa ni wewe. Weka pia breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, na ukiweza nunua shawa yenye elementi iliyofunikwa, maana ile ya koili uchi inaweza kuikatisha breka hiyo mara kwa mara, na kishawishi cha kuiondoa ni kikubwa. Usiiondoe. Kazi yote hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fungua maji yatiririke dakika nzima umeme ukiwa umezimwa. Elementi ikiwaka bila maji joto lake halina pa kwenda, na koili hukatika ndani ya sekunde.

Malalamiko ya "maji hayachemki" kwa kawaida ni hesabu. Wati 5,500 zinaweza kupandisha lita 3.4 kwa dakika kutoka nyuzi 17 hadi 40. Ukifungua bomba zikatoka lita 6, joto litaongezeka nyuzi 13 tu, na utaoga maji ya nyuzi 30. Punguza maji, usinunue shawa kubwa zaidi. Ila usiyapunguze mno, kwani ndani kuna mpira unaosukumwa na presha ya maji ili kuwasha swichi. Presha ikiwa ndogo swichi hiyo inawaka na kuzima mfululizo, cheche zinakula ncha zake, na ukinzani mpya unazaliwa hapo. Tangi likiwa chini sana, linyanyue kwanza.

Jioni, umeme ukishuka hadi volti 200, elementi ileile inatoa wati 4,160 tu, pungufu kwa robo. Pima volti kabla ya kuilaumu shawa.

Breka ikikata baada ya dakika kumi hivi, usikimbilie kubadilisha na kubwa zaidi. Ndani yake kuna bati linalojikunja kwa joto, na skrubu yake mwenyewe ikilegea, joto la kiungo huingia kwenye bati hilo na kuikatisha mapema. Zima men, kaza skrubu, jaribu tena. Kuweka breka ya ampea 50 kwenye waya wa 4 ni kuuambia waya uwe elementi.

Ukaguzi ni rahisi ukiwa na kipimajoto cha miale, kinachopima bila kugusa. Washa shawa dakika kumi, kisha fundi afungue boksi na kulinganisha skrubu ya laivu (waya unaoleta umeme) na ya nyutro (waya wa kuurudisha). Mkondo wao ni mmoja, kwa hiyo joto lao linatakiwa kukaribiana. Moja ikizidi nyingine kwa nyuzi kumi, hiyo ndiyo inayolegea. Fanya hivyo wiki ya kwanza, halafu kila mwaka kabla ya Juni.

Ukikuta skrubu imeshakuwa nyeusi, kuikaza tena hakusaidii: shaba imeota kutu jeusi lisilopitisha umeme vizuri, na chuma kinachobana kimepoteza ukakamavu wake. Kata waya nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa na plastiki ambayo bado inapinda bila kupasuka, na swichi yenyewe uitupe.